Neapoli ipi? Kuitambua miji ya pwani ya Wagiriki iliyo somo

Matendo ya Mitume 16:11: Paulo na wenzake wanang'oa nanga Troa, wanakwenda moja kwa moja hadi Samothrake, siku ya pili yake wanafika Neapoli, na kutoka hapo wanaingia Filipi. Mtu akitafuta "Neapolis" kwenye intaneti anaweza kujikuta Napoli, Italia. Kutoka Samothrake hadi Napoli kwa tanga ni kuizunguka Ugiriki yote na ncha ya kusini ya Italia. Hata upepo ukiwa wa omo au wa tezi, safari hiyo haiishi kwa siku moja. Neapoli ya Paulo ni Kavala ya leo, kaskazini mwa Ugiriki, bandari ya Filipi, yapata kilomita 15 tu kutoka mji huo.

Aya ile fupi imebeba dawa yake yenyewe, yaani majirani. Jina la mji likisimama peke yake halina thamani kubwa. Likiwa katikati ya majina mengine mawili linageuka kuwa mahali. Kwa hiyo kabla ya kufungua ramani, andika kwenye karatasi majina yote yaliyo juu na chini ya jina lako katika matini, yawe ya miji, mito, wafalme au makabila. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Majina haya yanajirudia kwa sababu chache, na inafaa kuzijua kwa kuwa kila moja ina mtego wake. Yapo ya kueleza tu hali ya mahali, kama Neapolis (mji mpya) na Chersonesos (rasi). Yapo ya miungu na mashujaa, kama Apollonia na Herakleia. Yapo yaliyobebwa na walowezi kutoka kwao, kama Megara ya Sisilia iliyotokana na Megara ya Ugiriki. Mwisho yapo ya kifalme: Berenike, Arsinoe, Ptolemais. Haya ya mwisho yana nafuu moja, maana yana tarehe ya chini kabisa. Ukiona Ptolemais ikitajwa katika tukio la karne ya 5 KK, matini imeharibika au mfasiri amepitiwa, kwa sababu akina Ptolemaio walianza kutawala Misri baada ya Aleksanda kufa mwaka 323 KK.

Makarani wa Athene na mawe yao

Kuanzia 454/453 KK Athene ilichonga kila mwaka kwenye mawe orodha ya fungu la mungu wao Athena, ambalo lilikuwa sehemu moja ya sitini ya kodi iliyolipwa na kila mji wa muungano wake. Makarani wale walikuwa na tatizo letu hili hili, tena kwao lilihusu fedha, kwa hiyo hawakubahatisha. Waliandika Neapoli iliyo karibu na Antisara, ndiyo hii ya Kavala. Waliandika Wanaeapoli walowezi wa Mende, walio kwenye rasi ya Pallene. Waliandika pia Neapoli ya kutoka Athene, upande wa Hellespontos (mlangobahari wa Dardaneli). Jina la ziada ndilo linalofanya kazi yote, na kuanzia 443/442 KK orodha zikapangwa pia kwa mikoa, hivyo hata jiwe likiwa limevunjika na jina la ziada limepotea, kichwa cha mkoa kinaweza kukuokoa.

Wanaoanza kuzisoma orodha hizi hukwama mahali pawili. Kwanza, wanatafuta "Neap-" peke yake, ilhali jina la watu wa mji huo kwenye mawe huanza na "Neop-". Tafuta zote mbili. Pili, wanachukua tarakimu iliyochongwa wakidhani ndiyo kodi. Ile ni sehemu ya sitini tu, lazima uizidishe. Drakma 16 na oboli 4 (oboli 6 hufanya drakma 1) ni kodi ya drakma 1,000. Hili lina faida katika suala letu, kwa sababu miji miwili somo haikuwa na utajiri sawa. Kiwango kinachojirudia mwaka hadi mwaka ni kama alama ya kidole, ingawa kodi zilipandishwa na kushushwa, kwa hiyo kiwango peke yake kisiwe ushahidi wa mwisho.

Kuna jiwe moja la Athene linalofaa kutazamwa kwa ukaribu. Ni azimio la 410/409 KK la kuwasifu Wanaeapoli walio karibu na Thasos, ambao walibaki na Athene huku Wathasos na Wapeloponesi wakiwazingira. Azimio la kwanza liliwataja kuwa ni walowezi wa Thasos. Miaka michache baadaye likapita azimio la pili, lililochongwa chini ya la kwanza, likiagiza maneno hayo yafutwe na badala yake iandikwe kwamba walipigana vita bega kwa bega na Waathene. Mchongaji alikwangua mahali pale na kuandika upya juu yake. Kwetu sisi jambo hili lina maana ya moja kwa moja: jina la ziada si anwani tu, lina siasa ndani yake, na linaweza kubadilika wakati mji haujasogea hata hatua moja.

Sarafu nazo zina mtego mzuri. Neapoli ya Kavala ilitoa sarafu ndogo za fedha, zisizofika gramu 2, zenye kichwa cha mwanamke na herufi ΝΕΟΠ. Napoli ya Italia ilitoa sarafu kubwa zaidi, za gramu 7 na kitu, nazo pia zina kichwa cha mwanamke, na jina linaanza na herufi zile zile, ΝΕΟΠΟΛΙΤΩΝ. Muuzaji akikuonyesha picha ya upande wa mwanamke peke yake bila uzito, usiseme lolote. Omba upande wa pili. Ya Kavala ina sura ya Gorgoni, zimwi la kike, katoa ulimi nje. Ya Italia ina ng'ombe dume mwenye uso wa mtu, na juu yake mungu wa kike wa ushindi anamvika taji. Kwa Apollonia mambo ni hivyo hivyo: nanga na kamba wa mtoni ni Apollonia ya Bahari Nyeusi (Sozopol, Bulgaria), na ng'ombe anayenyonyesha ndama ni Apollonia ya Albania. Ila angalia herufi, kwa sababu Dyrrhachion, jirani wa hiyo ya Albania, ilitumia ng'ombe na ndama vile vile, na herufi zake huanza ΔΥΡ.

Methone nne

Kama ningetakiwa kuchagua jina moja la kufundishia, ningechagua Methone, maana makosa yote yamo humo.

Ya kwanza ni ya Homeri, katika orodha ya meli ya Iliadi: Methone, Thaumakia, Meliboia na Olizon, watu wa Filoktetesi, merikebu saba zenye wapiga makasia hamsini kila moja. Majirani wake wanaiweka Thesalia, pwani ya Magnesia. Ya pili iko Pieria, Makedonia, na ilianzishwa na watu wa Eretria. Ya tatu iko kona ya kusini-magharibi ya Peloponesi. Ya nne ni rasi ya Methana, kati ya Troizen na Epidauro.

Hebu tuanze na ya tatu. Thukidide, mwanahistoria wa Athene, anasema Waathene walishambulia mwaka 431 KK "Methone ya Lakonia", na Brasidas wa Sparta akaiokoa. Ramani za leo zinaiita Methone ya Mesenia. Wapo wanaohesabu hapo miji miwili, lakini ni mmoja. Mwaka 431 KK Mesenia yote ilikuwa chini ya Sparta, kwa hiyo mwandishi aliita eneo kwa jina la mtawala. Mesenia ilirudi kuwa nchi ya kujitegemea mwaka 369 KK, Epaminondas, jemadari wa Thebe, alipoivunja nguvu Sparta na mji wa Mesene ukajengwa. Tangu hapo jina la ziada likabadilika. Ukifika karne ya 2 BK, Pausania, msafiri wa Kigiriki, anauita Mothone, na sarafu zake za wakati wa Warumi zinafuata tahajia hiyo. Wavenisi nao wakauita Modon. Ni mji mmoja wenye majina matatu na nchi mbili. Kwa hiyo kabla ya kutumia jina la nchi kama ushahidi, jiulize nchi hiyo ilikuwa ya nani mwaka ule.

Ya nne ni kosa la wanakili. Mwaka 425 KK Nikia, jemadari wa Athene, alijenga ukuta kwenye shingo ya rasi ya Methana, na kutoka humo askari wakawa wanavamia Troizen, Halieis na Epidauro. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, anasema katika nakala kadhaa za Thukidide jina hilo liliandikwa Methone, kama ule mji wa Makedonia. Herufi moja au mbili tu, na uzushi ukazaliwa. Kulikuwa na hadithi kwamba watu waliotumwa na Agamemnoni, mfalme wa Mykenai aliyeongoza Wagiriki vitani Troya, kukusanya mabaharia waliilaani Methone, wasiache kujenga kuta milele, na wengine wakaiegemeza kwenye Methone ya Troizen. Mwanazuoni Demetrio wa Skepsis akakataa. Alisema, kwa kumfuata mwanahistoria Theopompo, kwamba waliokaidi ni wale wa Makedonia, kwa kuwa haielekei majirani wa karibu wa Agamemnoni kumgomea. Hoja yake ni ya umbali na nguvu, na hata leo ndiyo hoja nzuri pale tahajia inaposhindwa.

Methone ya Pieria ndiyo rahisi kuliko zote katika maandishi, kwa sababu ya jirani mmoja. Jiwe la Athene lenye maazimio ya kuipa Methone nafuu ya kodi na ruhusa ya kununua nafaka Byzantion linamtaja Perdika, mfalme wa Makedonia. Hakuna Methone nyingine iliyomhusu. Mji huu ndio Filipo wa Pili aliouzingira mwaka 355 hadi 354 KK, akapoteza jicho la kulia, kisha akaubomoa. Shida yake iko ardhini. Vitabu vinaueleza kama mji wa bandari, lakini magofu yake karibu na Nea Agathoupoli leo yako bara, kwa vile udongo wa mito umesukuma bahari mbali. Anayetafuta kwenye picha za setilaiti akifuata ukingo wa maji ataupita. Kwa mto wowote mkubwa, tafuta kwanza pwani ya kale, usitegemee ya sasa.

Pylos

Hapa nitapita haraka. Wagiriki wenyewe walikuwa na msemo, ulionukuliwa na Strabo, kwamba ipo Pylos mbele ya Pylos, na ipo Pylos nyingine tena. Elis, Trifilia na Mesenia zote ziligombea kuwa na Pylos ya mzee Nestori, mfalme katika tenzi za Homeri, na Strabo alishika upande wa Trifilia. Mwaka 1939 mwanaakiolojia Carl Blegen alichimba Ano Englianos, Mesenia, akakuta jumba la kifalme na mabamba ya udongo, na maandishi yake yaliposomeka miaka ya 1950 jina la Pylos lilikuwamo. Lakini hata ndani ya Mesenia, Pylos ya jumba lile si Pylos ya vita vya Athene na Sparta vya 425 KK, ambayo Wasparta waliita Koryphasion na iko kaskazini mwa mlango wa ghuba ya Navarino. Na mji unaoitwa Pylos leo uko kusini mwa ghuba hiyo hiyo. Ukishaamua ni ipi, usiandike jina tu kwenye kazi yako. Weka namba ya mahali hapo katika Pleiades, hifadhidata ya mahali pa kale, ambayo inampa kila somo namba yake.

Berenike, Ptolemais na njia ya kuja pwani yetu

Berenike kwenye Bahari ya Shamu ilianzishwa na Ptolemaio wa Pili, akiipa jina la mama yake. Berenike ya Libya ni Benghazi, nayo imepewa jina la mke wa Ptolemaio wa Tatu, binti wa Magas wa Kirene. Iko nyingine karibu na mlango wa Bab el-Mandeb, na Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, anataja nyingine kwenye ghuba ya Akaba. Ptolemais nazo zimetapakaa: Akko huko Palestina, Tolmeita huko Libya, na Ptolemais ya Uwindaji kwenye Bahari ya Shamu, kituo cha kukamata tembo wa vita. Tolemai ya Matendo 21:7 iko kati ya Tiro na Kaisaria, kwa hiyo ni Akko bila mjadala.

Periplus ya Bahari ya Erithraea, kitabu cha mwongozo wa mabaharia cha katikati ya karne ya 1 BK, inasema kutoka Myos Hormos, bandari ya Misri kwenye Bahari ya Shamu, hadi Berenike ni stadio 1,800. Stadio, kipimo cha umbali cha Wagiriki, haikuwa na urefu mmoja, hivyo piga hesabu mara mbili. Kwa mita 185 unapata kilomita 333, kwa mita 160 unapata 288. Kutoka Quseir al-Qadim, ambayo leo inatambuliwa kuwa ndiyo Myos Hormos, hadi magofu ya Berenike, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 280, na chombo kinachofuata pwani hakiendi mstari ulionyooka. Inakubaliana vizuri. Zamani wengine waliiweka Myos Hormos Abu Sha'ar, mbali zaidi kaskazini, na hapo umbali huo haukai sawa. Maandishi kwenye vigae vya Quseir al-Qadim ndiyo yaliyomaliza ubishi.

Kitabu hicho hicho kinaishia, upande wa Afrika, kwenye Rhapta, soko la mwisho la Azania (pwani yetu ya Afrika Mashariki), ambalo kinasema limeitwa hivyo kwa vyombo vyake vya kushonwa, jamaa ya mitepe. Makala ikikuambia kwamba meli za Rhapta zilitoka "Berenike, Libya", imemchanganya mke wa Ptolemaio wa Tatu na mama wa Ptolemaio wa Pili, na imesahau kwamba nahodha wa Benghazi angelazimika kwanza kuivuka Misri.