Si msaada uliobadilishwa jina
Wengi hudhani kuwekeza kwa nia ya kuleta manufaa ya kijamii katika nchi zinazoendelea ni kutoa sadaka. Sivyo. Mwekezaji hununua hisa au hukopesha, akitarajia fedha yake irudi na faida. IFC, tawi la Benki ya Dunia lililoanzishwa 1956, hufanya hivyo na kampuni binafsi.

Ugumu uko kwingine: kuthibitisha kwamba manufaa yasingepatikana bila fedha hiyo. Kiwanda ambacho benki yoyote ingekikopesha hakimhitaji mwekezaji huyu, hata kikiajiri watu elfu. Anayewajibika huhesabu pia madhara, kama mto uliochafuliwa au wakopaji waliolemewa na riba (ripoti zenye picha za kupendeza huyaruka), na hujiuliza mapema atamuuzia nani hisa zake akiondoka.