Nyumba kupigwa mnada si kufilisika kisheria

Jumatatu nimeulizwa tena. Mzee mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, muuzaji wa vifaa vya ujenzi kwa jumla, kaingia ofisini, nikamwamkia, nikampa kiti, na kabla hajakaa vizuri akasema: "Mwanangu wakili, nenda pale Mahakama Kuu unitolee karatasi ya kufilisika ya bwana fulani. Nyumba yake ya Makorora imepigwa mnada, mji mzima unajua."

Nikamwambia, mzee wangu, karatasi hiyo haipo. Akanitazama kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Ni mteja wa tatu mwaka huu kuja na ombi hilohilo, na kila mmoja ana uhakika kwamba nyumba ikishauzwa na dalali, mwenye nyumba amekuwa muflisi, mahakama ina jalada lake, na madeni yake yamekufa. Yote matatu si kweli. Naandika ili anayefuata asome kwanza kabla hajapanda bajaji.

Tatizo linaanzia kwenye neno. Muflisi ni neno la Kiarabu lililokaa pwani siku nyingi, mzizi wake mmoja na fulusi: muflisi ni mtu aliyebakiwa na visarafu vya shaba tu. Tukalipenda, tukalitumia kwa kila kitu. Benki ikiuza nyumba, "imemfilisi". Dalali wa mahakama akibeba friji na makochi, "kamfilisi". Duka likifungwa, mwenyewe "kafilisika". Hata kijana asiye na hela ya vocha anasema kafilisika. Mitaani hakuna ubaya, tunaelewana. Ila ukilibeba neno hilo hadi dirisha la masjala, karani atakuuliza swali moja tu: shauri la aina gani? Hapo ndipo watu wanapokwama.

Nyumba ya Makorora ilikuwa na rehani. Chini ya Sheria ya Ardhi, mkopaji akishindwa kulipa, benki inampa notisi ya siku 60. Zikipita bila malipo, benki ina mamlaka ya kuuza yenyewe, bila kumwona hakimu wala jaji. Dalali anatoa tangazo la siku 14, anabandika karatasi ukutani, siku ya mnada anapiga nyundo, basi. Mahakama haikuguswa, labda mwenye nyumba mwenyewe akimbilie huko kuomba zuio. Sasa jalada litatoka wapi? Na deni je? Nyumba ikiuzwa milioni 60 wakati deni ni milioni 85, zile 25 bado anadaiwa, na benki inaweza kumshtaki kwa hizo. Wadai wengine, akiwemo mzee wangu, hawajaguswa kabisa. Deni lao liko palepale kama lilivyokuwa siku moja kabla ya mnada.

Utekelezaji wa hukumu ni kitu cha pili. Umemshtaki mtu kwa deni, umeshinda, hajalipa, unaomba kukamata mali zake, na dalali wa mahakama anatumwa. Hapo jalada lipo, lakini ni la madai ya kawaida, na linaweza kuwa Mahakama ya Wilaya au hata ya Mwanzo. Mdaiwa wa namna hii anaweza hata kuwekwa kifungo cha madai hadi miezi 6. Nalo si ufilisi.

Ufilisi wenyewe, ule wa Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, ni wa 1930, enzi ya Mwingereza, na mwendo wake ni mwingine kabisa. Ombi linakwenda Mahakama Kuu. Linaletwa na mdai au na mdaiwa mwenyewe. Mdai haji na malalamiko tu. Aonyeshe tendo la ufilisi lililotokea ndani ya miezi 3 kabla ya ombi: mdaiwa katoroka nchi kukwepa wadai, kahamisha mali kwa hila, kawatangazia wadai kwamba hatalipa tena, na mengine ya aina hiyo. Mahakama ikikubali inatoa amri ya kupokea mali, na mali zinaingia mikononi mwa mpokezi rasmi, yaani ofisa wa serikali anayezishika kwa niaba ya wadai. Mdaiwa anaandika kwa kiapo orodha ya mali na madeni yake yote, wadai wanakutanishwa, naye anahojiwa hadharani mahakamani. Baadaye ndipo, ikibidi, anatangazwa muflisi. Nyumba aliyoiandikisha kwa jina la shemeji mwezi uliopita inaweza kurudishwa kundini. Vyombo vyake vya kazi, nguo na matandiko anaachiwa kwa kiwango kilichowekwa. Mwenye rehani anabaki na rehani yake.

Na hili naliandika polepole, kwa sababu ndilo linalonichosha zaidi. Kutangazwa muflisi hakufuti madeni. Watu wameona filamu za Marekani, mtu anajaza fomu asubuhi, jioni yuko huru. Kwetu muflisi anabaki muflisi mpaka aombe mahakama imwachilie, na mahakama inaweza kukataa, kuahirisha, au kumpa masharti. Katika muda huo akikopa bila kumwambia mkopeshaji hali yake, anatenda kosa la jinai. Hata akiachiliwa, deni lililotokana na ulaghai linamfuata. Mteja anayeniambia "nataka nijitangaze muflisi nipumzike" namuuliza kwanza kama yuko tayari kuhojiwa mbele ya wadai wake wote, mali zake zote mezani. Wengi wanaomba muda wa kufikiri.

Kampuni haziingii humu kabisa. Kampuni iliyosajiliwa haitangazwi muflisi, inafungwa chini ya Sheria ya Makampuni, Sura ya 212. Kwa hiyo kabla hujatafuta chochote, jiulize uliyemkopesha ni nani: yule bwana, au kampuni yake? Tazama jina kwenye ankara zako. Nimeona watu wakimtafuta mtu miezi mitatu wakati mdaiwa wao ni kampuni yenye mihuri kwenye kila karatasi.

Kama ni kampuni, anzia BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni: utaona wakurugenzi, rehani zilizosajiliwa, na kama imeshaanza kufungwa. Kama ni mtu, anza na masjala ya Mahakama Kuu hapa Tanga, ila usiishie hapo. Wafanyabiashara wetu wengi wana mguu mmoja Tanga na mwingine Dar es Salaam, na ombi linaweza kuwa lilifunguliwa huko. Andika barua kwa Naibu Msajili, taja majina kamili, aina ya shauri na miaka unayotaka itazamwe, ueleze na sababu. Lipa ada kwa namba ya malipo utakayopewa. Mashauri ya karibuni yamo kwenye mfumo wa kielektroniki, ya zamani yamo kwenye rejista.

Rejista hizo nimeshazishika. Kitabu kikubwa cha jalada gumu, kona za kurasa zimelainika kwa vidole kama noti kuukuu. Safu ya kwanza namba ya shauri, kisha tarehe, kisha majina, kisha kilichoamuliwa. Na hapo kwenye majina ndipo pana kazi. Mohamed, Mohamedi, Muhammad na Mohammed anaweza kuwa mtu mmoja. Rashid leo, Rashidi kesho. Jina la babu limeandikwa kwenye shauri moja, kwenye jingine limeachwa. Mimi huandika kila namna ya jina kwenye karatasi kwanza, ndipo nafungua kitabu.

Ukishamaliza hapo, nenda RITA. Najua, unaijua kwa vyeti vya kuzaliwa. Lakini soma jina lake lote: Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Neno la katikati liko hapo kwa sababu, na Kabidhi Wasii Mkuu ndiye mwenye kazi hiyo. Pitia pia Gazeti la Serikali, ambalo hutoka Ijumaa, maana amri za ufilisi hutangazwa humo. TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, nayo inasaidia, lakini inaweka uamuzi. Ombi lililofunguliwa, wakapatana, likaondolewa, huenda usilione humo kamwe.

Vitabu vinasema kumbukumbu hizi ziko wazi kwa umma, vinaishia hapo. Mimi, baada ya miaka kumi na kitu, sina ujasiri huo. Nikipekua nisipate kitu, namwandikia mteja "hatukuona", siandiki "hakuna". Sina hakika pia kama sheria ya 1930 inamfaa mwenye duka la Barabara ya 12. Maombi ya mtu binafsi niliyowahi kuyashika hayamalizi vidole vya mkono mmoja. Mimi humshauri mdaiwa mdogo akae na wadai wake, waandikiane ratiba ya malipo na kutia sahihi. Huenda nakosea, wapo wenzangu wanaoona kwamba tunaiogopa bure sheria hii na wadaiwa wanaumia kwa woga wetu.

Turudi kwa mzee. Nilimuuliza anamdai nini hasa bwana yule. Saruji na nondo, mali kauli, akachomoa kwenye mfuko wa Rambo daftari la kaunta lenye tarehe, idadi ya mifuko, na sahihi ya mchukuaji kila mstari. Ushahidi mzuri kuliko ninaoletewa na makampuni. Nikamuuliza kwa nini hakushtaki. Akasema, "Si kafilisika? Nilikuwa nangoja karatasi."

Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Nilifungua ukurasa wa mwisho, nikahesabu kwa kidole tangu siku ambayo mzigo wa mwisho ulipaswa kulipiwa. Imebaki miezi 4 na siku kadhaa. Hati ya madai naiandika usiku huu.