Manyuali ya CDS/ISIS iliyochorwachorwa na penseli usiitupe

Swali ninaloulizwa sana ni hili, we unaskani manyuali za programu zilizokufa za nini, nani atazisoma? Ni hivi, programu inakufa ila data inabaki, ipo kwenye flopi na hadidiski za zamani huko stoo, na mpangilio wake umeelezwa kwenye kile kitabu ambacho ofisi imeshafungia maandazi.

Chukua CDS/ISIS. Kama ulisomea ukutubi miaka ya 90 unaijua, ile programu ya DOS ya UNESCO ya kutunzia orodha za vitabu na nyaraka, iliyotoka 1985, walikuwa wanaigawa bure kwa maktaba na vituo vya nyaraka ndo maana ikaenea sana nchi zetu hizi, hela ya kununua programu ingetoka wapi. Leo mtu anakuletea rundo la mafaili, MST, XRF, CNT, anataka orodha ya vitabu iingie kwenye mfumo mpya. Kitabu cha marejeo cha toleo la 2.3, cha mwaka 1989, kinaeleza kwenye viambatisho huko mwishoni faili la MST, ambalo ndilo lenye rekodi zenyewe, lilivyojengwa: vipande vya baiti 512, kila rekodi inaanza na namba yake inayoitwa MFN na urefu wake, halafu kuna saraka ndogo inayokwambia kila sehemu ya rekodi (kichwa cha kitabu, mwandishi na kadhalika) ina namba gani, inaanzia wapi na ni ndefu kiasi gani. Kijana anayejua Python akipewa hizo kurasa tu, data anaitoa yote bila hata kuiwasha ISIS yenyewe.

Sasa hapo skani isipokuwa safi umekwisha. Faharasa ya ISIS ina mafaili ya N01 na L01 kwa maneno yasiyozidi herufi 10, na N02 na L02 kwa marefu zaidi mpaka 30. Ipe OCR, yaani programu ya kugeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi, ukurasa wenye majina hayo uone vituko, N01 inatoka NO1, L01 inatoka LOl, yaani sifuri na O kwake ni kitu kimoja. Kwa hiyo OCR mi naiweka nyuma ya picha kwa ajili ya kutafutia tu, anayetaka kunakili namba aangalie picha.

Na picha nayo inaweza kukudanganya aisee. Mwaka 2013 Mjerumani mmoja, David Kriesel, alipitisha ramani ya nyumba kwenye mashine ya Xerox WorkCentre, vyumba vitatu vya ukubwa tofauti vyote vikatoka mita za mraba 14.13, na namba zimekaa vizuri kabisa huwezi kushtuka. Chanzo kilikuwa mgandamizo wa JBIG2, mashine ikiona alama mbili zinafanana inatunza moja inaibandika pote. Jedwali la baiti likipita humo ni msiba. Mi natunza TIFF isiyopoteza kitu, 400 au 600 dpi, PDF ya kugawia watu natengeneza baadaye.

Rangi nayo watu wanaidharau. Wanaokumbuka WordPerfect 5.1, ile programu ya kuandikia ya zamani, wanajua ile karatasi ngumu ya kuweka juu ya kibodi kwenye vile vitufe vya F, maneno mekundu unabonyeza F na Ctrl, kijani na Shift, bluu na Alt, nyeusi unabonyeza F peke yake. Iskani nyeusi na nyeupe, una kila neno na huwezi kubonyeza hata kitufe kimoja!

Halafu kuna ubishi wa nakala ipi iskaniwe, wengi wanataka safi. Mi nikikuta iliyotumika nachukua hiyo. Kwenye ISIS kila maktaba inajichagulia namba za sehemu zake, mfano UNESCO kwenye database yao ya sampuli 24 ni kichwa cha kitabu na 70 ni mwandishi, jirani yako anaweza kuweka 200 na 300 na hakuna wa kumkataza. Maelezo ya hizo namba yanakaa kwenye faili la FDT, na FDT ikipotea, kilichobaki ni ile penseli ya mkutubi pembeni mwa ukurasa. Kwa hiyo usiifute jamani, na kurasa hizo ziskani kwa rangi au walau kijivu maana kwenye nyeusi-nyeupe penseli haionekani, halafu kwenye jina la faili andika ilikuwa ya database gani.