Je, Wajua? Utumbo Nao Huonja

Chakula kikishamezwa, wengi wetu huamini kwamba kazi ya kuonja imekwisha. Sivyo. Ndani ya utumbo mwembamba zimo seli zenye vifaa vya ladha vinavyofanana na vile vya ulimini, ila hizo hazionji utamu wa pilau; huonja taka zinazotolewa na vijidudu, na zikizitambua huamsha kinga ya mwili.

Tabaka linalotenganisha yaliyomo ndani ya utumbo na tishu zetu lina unene wa seli moja tu. Seli zake nyingi hufyonza virutubisho, lakini takriban moja katika kila mia ni seli ya kishungi, iliyopewa jina hilo kwa sababu ya shungi la vinyweleo lililosimama juu yake kuelekea mahali chakula kinapopita. Seli hizi zilielezwa tangu miaka ya 1950, ila kazi yake utumboni haikubainika hadi mwaka 2016, wakati tafiti kadhaa za panya zilipoonyesha kwamba ndizo zinazopiga mbiu vimelea vinapoingia.

Mwaka 2018 ikajulikana mojawapo ya taka zinazoonjwa: suksineti, kemikali ambayo bakteria na protozoa fulani huitoa vinapochachusha chakula pasipo oksijeni. Seli zetu wenyewe pia huitengeneza, lakini huitumia humohumo ndani. Ikizidi katika mfereji wa utumbo mwembamba, basi kuna vijidudu vinavyostawi hapo. Kwa hiyo seli ya kishungi haihitaji kukigusa kijidudu chenyewe, kama vile mtu ajuavyo kwamba jirani anakaanga samaki kabla hajakiona kikaango.

Suksineti inaponasa kwenye kipokezi chake, yaani protini ya seli ya kishungi inayoitambua, kalsiamu huongezeka ndani ya seli na mlango wa kwenye utando wake uitwao TRPM5 hufunguka, uleule ambao ulimi huutumia kutambua utamu na uchungu. Seli hutoa interlukini-25, ishara inayozifikia seli za kinga zilizo chini ya tabaka, nazo hujibu kwa interlukini-13. Jibu hilo, kwa maoni yangu, ndilo la ajabu kuliko yote, kwa kuwa haliishii katika kupambana na adui: hufika hadi kwenye seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine za tabaka, zilizo katika vishimo vya utumbo na kuziagiza zizae seli nyingi zaidi za kishungi na za kutoa ute. Kwa vile tabaka zima hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5, sura yake hubadilika upesi. Ute huwa mwingi, misuli ya utumbo hujikaza kwa nguvu, na vimelea husombwa nje.

Panya waliopewa maji ya kunywa yenye suksineti, bila kimelea chochote, walionyesha mabadiliko hayohayo, ilhali wale waliozaliwa bila kipokezi chake hawakuonyesha. Hata hivyo, panya hao wasio na kipokezi waliweza bado kumtoa mnyoo aitwaye Nippostrongylus brasiliensis, na katika kazi hiyo pia seli za kishungi ndizo zilizotoa ishara ya kwanza. Mnyoo, basi, huonjwa kwa kitu kingine kisicho suksineti.