Kubizimu ya usanisi: maana yake katika kazi za Juan Gris

Kubizimu ni mtindo wa sanaa unaovijenga vitu kwa maumbo ya kijiometri, na kubizimu ya usanisi ni namna yake ambamo mchoraji haanzi kwa kukitazama kitu na kukigawa vipande, bali huanza na maumbo na rangi alizozipanga juu ya turubai, kisha huyaongoza maumbo hayo hadi yawe kitu kinachotambulika, kama vile chupa, gitaa au uso wa mtu. Ilijitokeza jijini Paris mwaka 1912, ikiifuata kubizimu ya uchanganuzi, ile ya kukigawa kitu vipande, ambayo wachoraji Pablo Picasso na Georges Braque walikuwa wameifikisha mbali kiasi kwamba anayetazama picha zao za mwaka 1911 hupata shida kubaini kilichochorwa, kwa kuwa kila kitu kimesambaa katika vipande vidogo vya rangi ya kijivu na kahawia.

Picasso na Braque ndio waliofungua njia, lakini kwa maoni yangu aliyeifafanua dhana hii kwa uwazi zaidi, kwa brashi na kwa kalamu, ni Mhispania Juan Gris, ambaye mara nyingi hutajwa wa tatu na kupitwa haraka. Alizaliwa Madrid tarehe 23 Machi 1887 kwa jina la José Victoriano González Pérez, akasomea uchoraji wa kiufundi mjini humo kati ya mwaka 1902 na 1904, na nidhamu ya rula na bikari inaonekana katika kazi zake zote. Mwaka 1906 alihamia Paris, akapanga katika jengo la Bateau-Lavoir, mtaa wa Montmartre, alikokuwa akiishi Picasso, na kwa miaka kadhaa alijipatia riziki kwa kuchora vibonzo vya magazeti. Mwaka 1912 alionyesha hadharani picha ya Picasso mwenyewe, iliyojengwa kwa miraba na pembe zilizopangwa kwa utaratibu mkali.

Gundi ilichangia sana mabadiliko yaliyofuata. Karatasi ya rangi iliyokatwa na kubandikwa tayari ni umbo kabla haijawa picha ya kitu chochote, hivyo mchoraji hulazimika kuanza na umbo. Katika picha ya meza ya kunawia ya mwaka 1912, Gris alibandika kipande cha kioo halisi, kwa kuwa uso wa kioo hubadilika kila mtazamaji anaposogea na hauwezi kuigwa kwa rangi. Kufikia mwaka 1914 alikuwa akibandika magazeti na karatasi za ukutani, na rangi angavu zikarejea.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimbana. Daniel-Henry Kahnweiler, mfanyabiashara wa sanaa aliyekuwa akimlipa, alikuwa Mjerumani, na mali yake nchini Ufaransa ilizuiliwa. Hata hivyo, miaka hiyo ilizaa kazi zake bora, ikiwemo picha ya mwenzi wake Josette ya mwaka 1916, ambayo mabapa yake mapana ya rangi yanakaribiana na kupishana mpaka mwanamke aliyeketi anaonekana.

Mwaka 1921 Gris alieleza utaratibu wake kwa maneno machache: mchoraji Mfaransa Paul Cézanne huigeuza chupa kuwa mcheduara, yaani umbo kama la bomba, ilhali yeye huanza na mcheduara na kuufanya kuwa chupa. Mwaka 1924 aliifafanua zaidi fikra hiyo katika mhadhara alioutoa Sorbonne, chuo kikuu cha Paris, na tarehe 11 Mei 1927 alifariki kwa maradhi ya figo, akiwa na umri wa miaka 40.

Kauli ile ya chupa isitafsiriwe kuwa utetezi wa sanaa dhahania. Mchoraji Mholanzi Piet Mondrian alipita katika kubizimu akafikia picha zisizoonyesha kitu chochote, lakini Gris aliikataa njia hiyo, kwani kwake mcheduara usiofikia kuwa chupa ulikuwa zoezi la kiufundi ambalo halijakamilika.