Umri wa jiwe si umri wa safari yake

Shangazi yangu wa Uyole aliligeuza jiwe nililomletea kutoka Ludewa, nikimwambia limechongwa na barafu, akapitisha ukucha kwenye mikwaruzo. "Mwanangu, barafu gani hiyo Ludewa? Hata Kitulo ni sakitu tu, nayo jua likichomoza imeyeyuka."

Jiwe ni la ukubwa wa ngumi. Upande mmoja ni bapa kama sabuni iliyofulia wiki nzima, na mikwaruzo yake inakwenda sambamba. Mto huviringa jiwe, haulichongi hivi. Hili lilinaswa chini ya barafu nzito, likasagwa juu ya mwamba. Linatoka tabaka la Idusi, la chini kabisa katika miamba ya Karoo (mlolongo wa matabaka ya kale ya kusini na mashariki mwa Afrika) ya bonde la Ruhuhu, chini ya makaa ya mawe ya Mchuchuma.

Swali lake la pili ndilo kazi yangu: lini?

Tungeweza kupima jiwe lenyewe. Chembe zake za zirikoni, madini magumu sana, zina urani inayogeuka polepole kuwa madini ya risasi. Nusu ya urani-238, aina yake iliyo nyingi zaidi, huisha kwa miaka bilioni 4.47. Lakini saa hiyo ilianza kuhesabu mwamba ulipopoa. Jiwe lililong'olewa kwenye miamba ya kale ya Ubendi, magharibi mwa Tanzania, litasema takriban miaka bilioni 2. Ni kweli tupu, ila ni habari za kuzaliwa kwake, barafu haijatajwa.

Kilimanjaro tunahesabu klorini-36, aina ya klorini yenye mnururisho, inayojikusanya kwenye mawe tangu barafu ilipoyaacha wazi kwa miale ya anga. Kwa Idusi haifai, maana nusu yake huisha kwa miaka 301,000 hivi, na barafu ya Idusi ni ya kale zaidi mno.

Kwa hiyo tunaacha mawe, tunachukua tope lililogandamana kati yake. Tunaliyeyusha kwa asidi ya haidrofloriki, kwa glavu nene na uangalifu mkubwa, kwani asidi hiyo hupenya hadi mfupani. Madini hupotea, spora na chavua, vumbi la uzazi la mimea, hubaki, kwa sababu ganda lake haliliwi na asidi. Kwenye hadubini, chavua nyingi za enzi hiyo zina kifuko kimoja kilichoizunguka punje kama ukingo wa kofia. Napenda sana dakika hiyo: msitu uliomea jirani na barafu, umeenea kwenye kioo cha upana wa vidole viwili.

Chavua za aina hiyo zipo pia Namibia na Afrika Kusini, ambako volkano zilimwaga majivu katikati ya matabaka yaliyoachwa na barafu. Zirikoni za majivu hayo zilizaliwa muda mfupi kabla hayajaanguka, nazo zinasema karibu miaka milioni 300; tabaka la Idusi, lenye chavua za aina hiyohiyo, ni la umri huo. Wakati huo nchi yetu ilikuwa ndani ya Gondwana, bara kuu la kale, kusini mbali na hapa tulipo.

Shangazi ameliweka jiwe dirishani, ubapa juu.