Gobore la gumegume linalostahimili mvua: maana yake hasa

Ukitaja gobore mbele ya Mtanzania, kinachomjia kichwani ni bomba la maji lililofungwa kwa waya kwenye kipande cha mti, na mwenye nalo yuko kizimbani. Pennsylvania, huko Marekani, gobore lina msimu wake halali. Kuanzia tarehe 26 Desemba, watu wakiwa bado wanamalizia nyama ya Krismasi, wawindaji huingia msituni na bunduki za mtindo wa karne ya 18 kumtafuta kulungu wa mkia mweupe, na huendelea hadi Januari. (Nasema kulungu kwa kukosa neno lingine. Huyu wa kwao huangusha pembe zake kila mwaka na kuota mpya. Wa kwetu pembe ikivunjika ndiyo basi.) Msimu huo ulianza mwaka 1974. Bunduki lazima ishindiliwe kwa mdomo, kipenyo chake kisipungue inchi .44, na moto wake utoke kwenye jiwe la asili linalogonga chuma. Fataki, yaani vile vikofia vidogo vya chuma vyenye kilipuzi kinachowaka kikigongwa, ni marufuku.

Desemba na Januari kwao ni theluji, ukungu na manyunyu ya baridi yanayopenya hadi kwenye mifupa. Ndiyo maana mnunuzi akiingia dukani huuliza lile linalostahimili mvua. Swali ni zuri, ila jibu analopewa mara nyingi linahusu sehemu nyingine ya bunduki.

Tuanze na mtambo wenyewe. Gobore ni bunduki ya kushindilia: baruti na risasi huingia kwa mdomo wa mtutu na kusukumwa hadi chini kwa mdeki. Gumegume ni jiwe, na ndilo lililoipa bunduki jina. Nyundo ya bunduki imeng'ata kipande cha jiwe hilo. Ukifyatua, nyundo huanguka mbele na jiwe hukwangua bamba la chuma lililosimama juu ya kisahani kidogo chenye baruti laini. Cheche zinazoruka si za jiwe. Ni chembe za chuma zilizokwanguliwa zikawaka hewani. Bamba hilohilo ndilo kifuniko cha kisahani, kwa hiyo likipigwa hufunguka, cheche zikaanguka ndani, na moto ukapenya kitundu cha kama milimita 1.6 ubavuni mwa mtutu hadi kwenye baruti kubwa. Kati ya kufyatua na mlio kuna kitambo kifupi, na mwindaji anayeyumbisha bunduki katika kitambo hicho hukosa shabaha.

Neno gumegume wazee wetu hawakulitoa vitabuni. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuuzwa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliachia bunduki za gumegume zenye mtutu usio na mifuo ndani. Zilizoonekana zimepitwa na wakati Ulaya ndizo tuliruhusiwa.

Sasa hiyo mvua. Matangazo ya bunduki za kustahimili hali ya hewa huzungumzia mambo mawili: mtutu wa chuma kisichoshika kutu, na kitako cha plastiki badala ya mbao. Yote mawili yana faida. Mbao zikinywa maji huvimba, zikausukuma mtutu kidogo, na shabaha uliyoirekebisha mwezi uliopita ikahama. Chuma cha kawaida chenye masizi ya baruti kikilala bila kusafishwa, asubuhi kimeshapiga kutu. Ila hayo yote yanailinda bunduki tu. Hayahakikishi kwamba kulungu akitokea italia.

Kinachoamua kama italia ni ile baruti chache iliyoko kwenye kisahani. Baruti nyeusi ni shura (nitrati ya potasiamu) asilimia 75, mkaa 15 na kiberiti 10, kiberiti kwa maana yake ya zamani, yaani salfa. Masizi yake huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo hata tone la mvua lisipoanguka, kisahani ambacho hakikufutwa baada ya risasi ya kwanza kitakuwa na kitu kama uji mweusi. Ukiweka baruti kavu juu ya uji huo umeimwaga. Na baruti ya kisahani, kwa kuwa imesagwa laini sana ili iwake upesi, pia hulowa upesi. Wapo wanaotumia baruti yenye punje kubwa kidogo siku za ukungu, wakikubali kuchelewa kidogo kwa mlio.

Kwa hiyo dukani, kabla ya kuuliza habari za kutu, funga kifuniko cha kisahani na umulike tochi kwa upande wa pili. Mwanga ukipenya, maji yatapenya. Tazama kingo za kisahani: mafundi wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 waliziinua kidogo ili maji yanayoteremka kwenye mtutu yapite pembeni badala ya kuingia ndani, na mtambo mzuri wa leo bado unafuata umbo hilo. Halafu omba kuona cheche, kisahani kikiwa kitupu na bunduki imethibitishwa kuwa haina kitu ndani. Bamba laini hutoa cheche mbili tatu zilizopoa. Bamba lililokomazwa vizuri hutoa rundo linaloanguka likiwa jeupe. Mimi ningechagua mtutu wa chuma cha kawaida wenye mtambo wa namna hiyo kuliko mtutu unaong'aa wenye mtambo wa kubahatisha. Kutu unaweza kuifuta.

Uliza pia kama kizibo cha nyuma ya mtutu kinafunguka. Kikifunguka, baruti iliyolowa hutolewa na mtutu husafishwa kwa urahisi. Na usishawishike na baruti mbadala zinazouzwa kwa bunduki za fataki. Zinahitaji joto kubwa zaidi kuwaka, na cheche za jiwe mara nyingi hazifikii hapo.

Mchungaji Alexander Forsyth wa Belhelvie, Uskoti, alikerwa na ndege walioruka kila walipoona mwako wa kisahani kabla risasi haijawafikia. Mwaka 1807 alipata hataza ya mtambo unaowaka kwa kugongwa, na katika wazo hilo ndimo fataki zilimotokea. Fataki zilimaliza sehemu kubwa ya kesi ya mvua. Pennsylvania, kwa msimu huu mmoja, wameifungua upya kwa makusudi.

Yaliyobaki ni kazi ya mikono. Wawindaji hupaka nta ya nyuki kwenye kingo za kisahani, huvisha mtambo mfuko wa ngozi uliopakwa mafuta, na hubadilisha baruti ya kisahani kila baada ya saa moja hivi, wakifuta jiwe na bamba kwa kitambaa kikavu. Kitundu cha ubavuni husafishwa kwa sindano nyembamba. Isipolia, unaendelea kuielekeza kule kule salama kwa dakika nzima, maana moto unaweza kuwa bado unajivuta ndani.

Jioni, baruti ya kisahani ikiishaondolewa, wengi hawaingizi bunduki sebuleni. Huifungia kwa ufunguo kwenye chumba cha nje kisicho na moto. Chuma kilichoshinda kwenye baridi kikikutana na joto la nyumba hutoka jasho ndani na nje, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji.